Mbuzi wa Noeli Alimngoja Mjomba Kaimu

"Mama Bernardo, hivi huyo mbuzi wenu anamngoja nani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja ya Noeli, amesimama kwenye uzio na ungo wa mchele mkononi. Alikuwa mgeni hapa Mtua, hajamaliza hata mwaka. Kwake nyama ilikuwa jikoni tangu tulipotoka Misa, na harufu yake ilifika mpaka uani kwangu. Mbuzi wangu alikuwa bado amefungwa kwenye nguzo ya jiko, anatafuna majani.

Nikamwambia, "Anamngoja mtu wa Nanganga."

"Nanganga? Basi huyo mbuzi atazeeka."

Tulicheka wote. Sikumweleza zaidi, maana nilikuwa na maharage motoni. Lakini swali lake lilinikaa, na kwa kuwa wajukuu nao sasa wananiuliza, nimeona bora niandike habari za Mjomba Kaimu nikiwa bado nazikumbuka.

Mjomba Kaimu alikuwa kaka wa mama yangu, tumbo moja. Alikuwa mkulima wa Nanganga, analima mtama, mihogo na ufuta kidogo wa kupeleka sokoni. Hakuwa shehe wala mtu wa cheo. Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya kutembea, na alipenda kuvaa kofia yake ya kitambaa hata shambani. Walikuwa Waislamu tangu kwa babu. Mama naye alizaliwa hivyo, akaitwa Mwamina. Alipoolewa na baba yangu Felisian, mtu wa misheni, akabatizwa Valentina. Padri akamwita Valentina, baba akamwita Valentina, majirani wakamwita Valentina. Mjomba aliendelea kumwita Mwamina mpaka siku ya mwisho, na mama aliitika.

Watu walidhani ndugu hawa wawili wataachana. Hawakuachana, na kilichowaunganisha, nikitazama sasa, kilikuwa kisu cha Mjomba.

Kilikuwa kisu cha kawaida, cha mpini wa mti, lakini alikitunza kwenye ala ya ngozi na hakukikatia hata muhogo. Kila tulipokuwa na sherehe nyumbani, iwe Noeli, Pasaka, ubatizo, au mtoto wa kiume ametoka jandoni, Mjomba alitoka Nanganga siku moja kabla na kuja kuchinja. Kisa kilikuwa kimoja tu: Mwislamu hali nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Akichinja yeye, wote wanakula, wa upande wa baba na wa upande wa mama, katika chungu kimoja. Hakutaka malipo. Alipewa shingo, naye shingo ile aliichoma uani na kutugawia sisi watoto vipande vidogo vidogo, tukiungua vidole.

Na sisi Idd ikifika tulikwenda kwake. Mama alitushonea magauni ya kitambaa cha aina moja, watoto wote, tukafanana kama mbegu za boga. Tulifika Nanganga na rozari zimefichwa ndani ya magauni, na mke wa mjomba, Binti Awadhi, alizivuta nje akasema, "Mnaficha nini? Mungu hajui mlikotoka?" Halafu anatupa vitumbua vya moto. Tulingoja mwezi uandame pamoja na watoto wake, na mimi nilijisifu mwaka mmoja kwamba nimeuona wa kwanza, kumbe nilikuwa nimeona moto wa shamba juu ya kilima. Mjomba hakunicheka. Alisema tu, "Macho yake yana haraka ya wali."

Sasa niwaeleze desturi moja ya nyumbani kwetu. Kwa upande wa mama, ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye watoto. Kwa hiyo mtoto anayefanyiwa sherehe hali chakula cha siku ile mpaka mjomba wake amtie tonge la kwanza mdomoni. Mjomba anakata tonge, anachovya, anakula kidogo yeye mwenyewe, kinachobaki anamlisha mtoto. Hapo ndipo watu wanaosha mikono. Mama alibadilisha dini lakini hilo hakuliacha, na baba hakumzuia.

Noeli ya mwaka 1954 ilikuwa siku ya komunyo yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka tisa. Mvua zilianza mapema na kwa nguvu. Mjomba alitakiwa afike tarehe ishirini na nne jioni, hakufika. Asubuhi tulikwenda Misa, tukapokea, tukapewa chai na mkate na masista, tukarudi. Mjomba bado.

Pale nyumbani alikuwapo Baba Mdogo Tadeo, mdogo wake baba, aliyekuwa ametoka kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi. Alirudi na suruali mbili na mazoea ya kufanya kila kitu kwa kengele. Baba alikuwa amebaki misheni kusaidia kupanga mabenchi, na mama alikuwa mtoni. Tadeo akatazama jua, akatutazama sisi watoto tumekaa kama vifaranga, akasema, "Njia imejaa maji. Huyo haji. Mbuzi ni mbuzi tu."

Akachinja mwenyewe.

Mama alipopanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, nyama ilikuwa imekwisha kukatwa na nusu yake iko chunguni. Alitua ndoo, akakaa kwenye kinu kilicholala, akaiangalia njia.

Mjomba alifika alasiri. Alikuwa amelowa mpaka kofia, matope yamefika magotini. Makorongo mawili yalikuwa yamejaa, akalala kwa watu njiani akingoja maji yapungue. Mkononi alishika kifurushi cha peremende kwa ajili yangu, amekifunga kwenye jani la mgomba kisilowe, na ala ya kisu ilikuwa imening'inia shingoni.

Tadeo alimwona, akajaribu kulifanya jambo liwe utani, maana wale ni mashemeji na waliongea hivyo siku zote.

"Shemeji Kaimu, umechelewa. Mbuzi amekwisha kuwa Mkristo."

Mjomba akakung'uta kofia yake. "Kama ni Mkristo, mbona mnamla ndugu yenu?"

Watu wakacheka, na Tadeo akacheka kuliko wote. Lakini Mjomba alipomaliza kucheka alikaa kwenye gogo akanitazama. Nilikuwa bado na gauni jeupe na shela. Nilimpelekea maji ya kunawa kama nilivyofundishwa. Hakunawa. Alinipa peremende zangu, akaniambia, "Mwanangu, leo sina mkono wa kukulisha."

Nilielewa. Mtoto wa miaka tisa anaelewa jambo kama hilo vizuri sana. Chungu kilikuwa kinachemka, mjomba wangu yuko hapa, na hawezi kukigusa.

Baba aliporudi alikuta mama analia jikoni, si kwa sauti. Akamwuliza Mjomba, "Shemeji, tukupikie kuku pembeni? Kuku wapo, uchinje mwenyewe."

Mjomba akajibu kwa upole, "Chungu cha pembeni hupikiwa mgeni, Felisian. Kama leo nimekuwa mgeni kwa Mwamina, basi kuleni kwa amani, mimi niwahi makorongo kabla ya mvua nyingine." Akainuka, akaiweka sawa ala ya kisu shingoni.

Mama aliondoka jikoni akasimama mbele yake njiani, mikono ina masizi. "Kaka, ukitoka hapa na njaa siku ya mtoto huyu, utarudi lini?"

Mjomba alivuta kofia usoni. Hapo ndipo sote tulipojua kwamba hajui.

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliingia jikoni, akashika chungu kwa matambara, nyama na mchuzi wake wote, akamkabidhi Tadeo. "Peleka kwa katekista. Ana watoto wanane. Na ile mbichi peleka pia."

"Kaka, mbuzi mzima?"

"Mzima. Na kichwa."

Watoto tuliangua kilio. Dada yangu Aurelia alikifuata kile chungu mpaka njia panda, analia kama anasindikiza maiti. Lakini baba alikuwa amekwisha kukata shauri. Alimwambia mama, "Pika kitu ambacho hakikuchinjwa."

Mama akamtuma mtu kwa jirani yetu wa Kiislamu, Mama Fatu, kuazima chungu, kwa kuwa chetu kilikuwa kimepikiwa nyama ile. Mama Fatu alikileta mwenyewe, na karanga za kukaanga kwenye kanga. Alisema, "Chungu changu hakijapata kuona nyama tangu Idd. Msikiogope." Sisi watoto tukatumwa kuchuma majani ya muhogo kwenye mvua nyembamba. Tadeo aliporudi kutoka kwa katekista, baba akamwonyesha kinu.

"Twanga."

"Mimi? Kisamvu?"

"Aliyeharibu chungu ndiye anayetwanga."

Mwanamume kutwanga kisamvu mbele ya wake wa watu, kwetu lilikuwa jambo la kuonwa. Wanawake wa majirani walitoka. Mama Fatu alimhesabia mapigo, mwingine akamfunga kanga kiunoni, na Tadeo akatwanga, suruali ya Lindi na yote, jasho linamtoka, majani yanaruka nje ya kinu. Mjomba Kaimu alijaribu kujizuia. Mwisho akavua kofia, akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Akarudi kukaa kwenye gogo. Kisu akakivua shingoni, akakitundika kwenye nguzo ya jiko.

Tulikula jua linapokaribia kuzama, kisamvu cha karanga na ugali wa mtama, watu zaidi ya ishirini, Noeli. Mjomba alinawa. Alikata tonge, akachovya, akala kidogo, akanitia lililobaki mdomoni. Nimekula pilau za harusi nyingi tangu siku ile, na hakuna lililonikaa mdomoni kama tonge lile. Asubuhi nilikuwa nimempokea Bwana wangu altareni, jioni nikapokea kutoka mkono wa mjomba, nami moyoni sikuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mpaka leo sijauona.

Tangu mwaka ule baba aliweka sheria: mbuzi wa nyumba hii haguswi mpaka mtu wa Nanganga afike. Hata mvua inyeshe namna gani. Tadeo mwenyewe ndiye aliyekuwa anamlinda mbuzi, na ukimkaribia anakuambia, "Ondoka hapo, sitaki kutwanga tena."

Tulikwenda hivyo miaka minne. Noeli ya 1958 ilikuwa pia ubatizo wa mdogo wetu wa mwisho, Kasmiri. Mjomba alifika mapema, pamoja na mwanawe Saadi aliyekuwa amekwisha kuoa. Walimlaza mbuzi, Tadeo akashika miguu. Mjomba akachomoa kisu, akasema bismillahi, halafu tukaona mkono wake wa kulia unatetemeka. Aliushika kwa mkono wa kushoto. Ukazidi. Kisha akamgeuzia Saadi mpini.

"Chinja wewe. Mnyama hapaswi kuumia kwa ajili ya aibu yangu."

Saadi akachinja, na chungu kikawa kimoja kama kawaida. Mjomba akamlisha Kasmiri, naye alikuwa mchanga, kwa kumlambisha mchuzi kwa ncha ya kidole. Mkono ulitetemeka, mchuzi ukamwagikia shuka la ubatizo, na mama hakulifua doa lile kwa muda mrefu. Lakini Mjomba siku ile hakutania. Alipewa shingo, akampa Saadi. Wakati wa kuaga alimshika mama mkono, akaangalia chini. Pasaka iliyofuata Saadi alikuja peke yake. Tulimwuliza, akasema, "Mzee anasema kazi yake imekwisha, kwani aje kufanya nini?"

Mama aliogopa kwamba yale aliyoyazuia kwa kisamvu yamekuja kwa mlango mwingine.

Idd iliangukia siku chache tu baada ya Pasaka ile, nasi tukaenda Nanganga kama siku zote. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la nne, na katika nyumba ile hapakuwa na mwingine ajuaye kuandika. Baada ya wali, Mjomba aliniita nyuma ya ghala. Alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nyingi na kipande cha penseli. Akaniambia nimwandikie barua kwa baba yangu, maana maneno yenyewe aliona haya kumwambia shemeji yake uso kwa uso. Alisema polepole, akingoja nimalize kila neno, mkono wake wa kulia ameukalia usitetemeke. Baba aliitunza barua ile katika kitabu chake cha sala, na alipokufa nikaichukua. Nainakili hapa kama ilivyo:

"Shemeji Felisian, salaam. Kisu nimempa Saadi. Mkono wangu hauwezi tena. Lakini bado una nguvu ya kushika. Naomba mniite kila sikukuu kama mlivyokuwa mnaniita, na mbuzi anisubiri. Saadi atachinja. Mimi nitashika miguu. Kaimu."