Kufukua Makaburi

Juzi, kwenye kibanda cha vitabu pale Ukunda, nilikiona kitabu pekee alichokiandika baba yangu, jalada limepauka kwa jua. Papo hapo nikayasikia tena manukato ya yule mgeni.

Alikuja kwetu Msambweni mchana mmoja nilipokuwa mtoto, baba hayupo. Mama alikuwa barazani akikuna nazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, akanipapasa kichwa. Kisha akamwambia mama huku akitabasamu, "Mwambie mumeo aache kufukua makaburi."

Mama akaacha kukuna.

Nilijua tu kwamba baba aliandika mambo ya siasa gazetini. Leo najua kuwa mgeni alimaanisha habari za zamani, za mashamba ya ufukweni na wakubwa waliojigawia. Siku ile, kwangu, makaburi yalikuwa makaburi. Nikalichukua jembe, nikalisukuma chini ya kitanda changu.

Baba aliporudi alitaka kupalilia mihogo, akalitafuta jembe asilione. Nikaangua kilio.

"Baba, usifukue makaburi ya watu. Yule mgeni amekukataza."

Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu. "Alikuwa amekasirika?"

"La. Alikuwa akitabasamu."

Baba akamtazama mama, na mama akajifunika uso kwa leso. Kisha baba akaingia chumbani, nikasikia taipureta yake ikianza kugonga. Mimi nikatulia, nikijua jembe liko salama.

Siku walipokuja kumchukua, tusimwone tena, hakuna aliyeulizia jembe. Walibeba taipureta.