Syombua na Nati za Mnara wa Tangi

Syombua, mwangalizi wa tangi letu la maji huku Kathonzweni, ni mtu wa kuamini mkono wake. Kila asubuhi, kabla ya kufungua bomba, alipanda ngazi ya mnara wa chuma unaobeba tangi, spana mkononi, akijaribu bolti moja baada ya nyingine. Tulimtania kwamba anazisalimia. Hakujali, nasi tulikaa kivulini chini ya tangi tukingoja maji bila wasiwasi.

Kisha kanisa likataka mnara upendeze siku ya kuuombea. Sisi watu wa huku tukipewa rangi ya bure hatuna breki: tulipaka miguu, ngazi, hadi nati zenyewe, mara tatu. Tangu hapo spana ya Syombua haikusogeza nati hata moja. Alifurahi sana, akasema mnara umeshika kuliko mwanzo.

Mwezi uliopita akaja Wamaitha, injinia kijana, na vidude vyenye sumaku na nyundo ya mpira. Alivibandika kwenye chuma, akagonga, kompyuta yake ikasikiliza. Alitueleza kwamba kwenye minara mingine yeye na wenzake walilegeza bolti makusudi wakagonga, wakazikaza wakagonga tena, wakailisha mashine hiyo sauti hizo zote mpaka ikajifunza yenyewe kujua chuma kilichoshika na kilicholegea. Nikamuuliza inasikia nini hasa.

“Hata mimi siwezi kukuonyesha,” akasema.

Mashine ikasema mguu wa upande wa soko umelegea, kiungo cha juu. Syombua akapanda, akavuta spana kwa mwili mzima. Nati haikutikisika.

“Hii imeshika, msichana wangu,” akasema.

Wamaitha akagonga tena. Jibu likawa lile lile. Gedion, mwenyekiti wa kamati ya maji, alishanuna. “Si muwashe pampu? Watu wamengoja, na tangi haijajaa.”

Nilimtazama Syombua. Akikubali, uzito wote wa maji ungekaa juu ya mguu ule, na sisi chini yake. Akikataa, tungeenda mtoni kwa sababu ya kompyuta, na lawama zote zingekuwa zake.

“Chairman, hiyo pampu ikae hivyo,” akasema. “Toeni maji yote. Kama ni uongo mtanitukana mimi.”

Maji yalipokwisha alipanda na kisu, akaparua ile rangi yetu. Nati ikazunguka kwa vidole viwili, ikatoka. Rangi na kutu ndivyo vilikuwa vimeishikilia. Kitu kisicho na mkono kilikuwa kimehisi kilichoushinda mkono wa Syombua, na siku hiyo nilimwogopa Mungu kuliko nilivyowahi kumwogopa nikiwa kanisani.

Syombua akatutazama kutoka juu. Tulikuwa bado tumekaa pale chini, na watoto wetu mapajani.

“Tokeni hapo,” akasema, karibu kulia.

Tukatoka. Akashuka, akaweka spana chini, akamgeukia Wamaitha.

“Gonga na hiyo miguu ingine,” akasema. “Mimi sitakuambia tena kwamba imeshika.”