Mfalme wa Mdomo Wazi

Hockley, huku ughaibuni, kwenye karakana ninakotia picha fremu, mteja alileta karatasi kuukuu ya Ufaransa. Imechorwa mfalme mnene kupita kiti chake, mdomo wazi, ulimi umeshuka hadi chini kama ubao wa kupandia. Watu wenye viraka wanaupanda na vikapu vya pesa, wanammwagia kooni. Chini ya kiti, mabwana wa makoti wanagombea anayoyatoa nyuma. Mwajiri wangu aliniambia mchoraji alitiwa jela. Mfalme akaendelea kula.

Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini ile sikuhitaji kusomewa. Nikaipiga picha kwa simu.

Jumapili, baada ya ibada, kamati yetu ya Wakenya ilikaa Bordesley Green nyumbani kwa mwenyekiti kupanga mapokezi ya mgeni rasmi kutoka nyumbani. Simu yangu ikazunguka. Watu walicheka hadi chai ikamwagika.

"Ai, huyu si ni yule wa mashamba!"

"Wacha wewe! Tumbo hilo ni la wizara ya barabara."

"Na hawa wa chini ya kiti ni sisi tukingoja tenda!"

Hata mwenyekiti alijifuta machozi. Kisha akatoa picha kubwa ya mgeni, suti ya bluu, akanikabidhi. "Dada, ututilie fremu ya dhahabu. Tutampa Jumamosi mbele ya watu."

Nikaiangalia. Ni yule diwani wa kwetu. Mwaka ule wa kura alisimama barabarani akiwaonyesha vijana nyumba za kuchoma. Alipofika kwangu hata kidole hakutumia, alitumia kidevu. Mume wangu alikuwa ndani anatafuta viatu vya mtoto. Na aliyeshika usukani wa gari la diwani, injini inanguruma, ni huyu huyu mwenyekiti anayetufungulia mikutano kwa maombi.

Nikasema, "Mfaransa mmemcheka. Na huyu je?"

Mama mmoja muuguzi akaanza kukusanya vikombe.

"Dada," mwenyekiti akasema, "hayo tulishayasamehe."

"Nani aliyasamehe? Wewe ulikuwa unaendesha gari!"

"Hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

Mtu akasema tuombe. Wakafumba macho, wote. Mimi sikufumba.

Ijumaa mwenyekiti akapiga simu. "Dada, fremu iko tayari?"

"Njoo uichukue. Ukifika, mwambie mwajiri wangu huyu wa pichani ni nani na alifanya nini. Kiingereza unakijua kuliko mimi."

Akakata. Hakuja. Picha ililala kifudifudi kwenye meza yangu ya kukatia.

Jumamosi walimpa mgeni saa ya ukutani. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Aliinyanyua ile saa apigiwe makofi, macho yake yakatua kwangu, akanitambua. Nikasimama, nikafungua mdomo.

Diwani alimgeukia mwenyekiti, akanionyesha kwa kidevu.