Aliyeitika Badala Yangu

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa napiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Shanzu, nakaa Kisauni, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Nasema ule wa kuingia ndani ukaketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, usikumbuke kama ulikuwa wavaa au wavua.

Mamangu nilimleta kutoka shamba, Kaloleni, akiwa hajiwezi. Macho yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, na homa haikumtoka. Hospitali waliniambia, kwa upole, nikamlaze nyumbani. Basi hofu yangu ikawa moja tu: asije akafa peke yake, mimi niko huko nanyoosha mashuka ya wageni.

Wenzangu wa kanisani walikuja Jumapili, wakaomba kwa sauti hata majirani wakachungulia, wakanywa chai, wakaenda zao. Siwalaumu, kila mtu na yake. Aliyebaki ni jirani wa chumba cha mbele, bibi wa Kimvita, Mwislamu, mkubwa kuliko hata mamangu. Nikitoka asubuhi namwamkia, "Shikamoo, bibi," naye, "Marahaba, enda salama." Kisha aingia kwangu na ungo wake wa mchele, aketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Haombi, hasomi, hasemi. Achambua mchele tu. Mimi moyoni nasema, huyu naye amekuja kupumzisha magoti.

Siku moja mashine za kufulia ziliharibika, tukaachiliwa mapema. Nikiwa ukumbini nikamsikia mama aniita kwa jina langu. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikaitika chumbani: "Abee."

Ni bibi. Kwetu pwani, abee ni ya mtoto wa kike kwa mkubwa wake. Mzee kama yule hana sababu ya kumwitikia hivyo mtu mdogo kwake. Mama akanyamaza, akashusha pumzi. Baada ya kitambo akaita tena.

"Abee, mama."

Damu ilinichemka. Nilimwita bibi ukumbini nikamwuliza kwa nini amdanganya mgonjwa, na jina ni langu. Hakukasirika.

"Mwanangu, aita tangu asubuhi. Jana nilimwambia umekwenda kazini, akalia mpaka adhuhuri. Sasa mtu aite mpaka lini, asiitikiwe?"

Nikabaki na hasira zangu. Kusema kweli, kilichoniuma si uongo. Mimi mwenyewe, nikirudi kutoka kazini mama akaniita, nilikuwa namjibu, "Nini tena?" Mtu baki kajishusha akawa mtoto, na mtoto mwenyewe hata neno moja lamlemea. Niliona haya, lakini sikumwomba radhi. Kesho yake nilimwamkia, nikaenda kazini.

Mama alifariki Alhamisi, saa nane mchana, mimi niko Shanzu. Niliporudi nilikuta bibi amemfumba macho na kumfunika leso yake mwenyewe, mpya, haijafuliwa hata mara moja. Kigoda amekiacha pale pale. Niliketi sakafuni na viatu vyangu vyote viwili. Nilikuwa na swali moja, na nililiogopa.

"Bibi, aliniulizia?"

"La," akasema. "Hakukuulizia. Ulikuwapo."