Wigi la Katani Shambani kwa Mama Mkubwa

Aibu hii bora niitoe mwenyewe, maana watu wa Matombo wakiisimulia wanaitia chumvi, na haihitaji.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, mitumba na video zikaanza kumiminika, nilikuwa nashinda kwenye banda la video pale Bigwa nikitazama picha za mahakama (wenzangu walipenda za ngumi), nikajua kwamba Uingereza wakili anavaa wigi jeupe na Marekani wanakaa raia kumi na wawili kuamua kesi, basi nikajiona msomi. Ya kwetu sikuijua. Kwetu, mahakama ya mwanzo ni hakimu na wazee wa baraza wawili, na wakili hatakiwi kabisa.

Wakati huo mama mkubwa, aliyenilea, alikuwa anashtakiana na jirani yake, Mzee Lukasi, aliyesogeza mpaka akameza nusu ya migomba yake. Akishindwa, hana pa kulima. Nikaamua kumtetea, nikanunua joho jeusi la mtumba na kujisukia wigi la katani.

Asubuhi mahakama ilipokwenda kukagua shamba nilichelewa, nikakatiza migombani, ukungu umeshuka hata vidole sivioni vizuri, nikatokea mwinukoni, juu ya kaburi la bibi, marehemu mama yake mama mkubwa. Nikasimama pale kuweka wigi sawa. Chini yangu nikamsikia Mzee Lukasi akisema, "Mpaka uko hapa tangu enzi za wazee."

Nikanguruma kama kwenye video, "Napinga."

Mzee Lukasi akatazama juu kaburini, akaona kichwa cheupe ndani ya ukungu, akapiga magoti taratibu.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Mpaka ulikuwa pale, kwenye jiwe lenye ufa. Miti yake niliikata mimi."

Mwenye akili angebaki kimya. Mimi nikashuka mbio, nikateleza, wigi likatua miguuni pa hakimu.

"Shikamoo mheshimiwa," nikasema nikiwa chini.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Wakili wa mama mkubwa."

"Hapa hakuna wakili. Vua hilo gunia."

Watu wakacheka, mama mkubwa akajifunika uso kwa kanga. Hakimu akasema maneno ya mtu aliyetishwa hatayaandika, na mimi nikaona nimemlia mama yangu shamba kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini mzee mmoja wa baraza, bibi mfupi ambaye hakucheka, akasema, "Maneno tuache. Jiwe tulione."

Wakachimba kwenye jiwe lenye ufa. Mashina ya zamani yalikuwemo, yamekatwa kwa panga, yamepangana mstari. Mama mkubwa akapata shamba lake lote.

Tukiwa tunateremka Mzee Lukasi akanishika mkono, mkono wake baridi.

"Mjukuu, kupinga sawa. Lakini kwa nini uliniuliza mara mbili?"

"Kukuuliza nini, babu?"

"Mpaka ulikuwa wapi."

Nikamwambia nilisema neno moja tu. Akaniachia, akatangulia bila kugeuka nyuma. Nikamtazama yule bibi wa baraza, nikitegemea atacheka sasa.

"Na mimi nilisikia," akasema. "Mara mbili. Sauti ya mwanamke."

Tangu siku hiyo mahakamani naingia bila kofia, nakaa benchi la mwisho, na nisipoulizwa sisemi.