Mama wa "alhamdulillah" kwenye kliniki ya sukari

Leo mgonjwa kanijibu "alhamdulillah" kwa kila swali, nusura nilie.

Nipo Kivinje na utafiti wangu wa chuo, kuhusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa wagonjwa wa kisukari. Kwenye benchi la kliniki nikamkuta mama mmoja. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikaanza.

Unalala vizuri? "Alhamdulillah."

Unakula? "Alhamdulillah."

Umewahi kukata tamaa? "Mwanangu! Alhamdulillah."

Jamani, mimi mtoto wa Kiranjeranje kabisa, wilaya hii hii, nilisahau vipi? Kwetu kumlalamikia mgeni ni kama kumkosoa Mungu.

Nikaweka kalamu chini. "Na wenzio wa hapa kliniki, mama, wanalala?"

Akanisogelea. Sauti ikashuka.

"Yupo mwenzangu mmoja. Tangu akatwe kidole cha mguu, halali. Mkwewe akicheka jikoni, anahisi anachekwa yeye. Anajifanya anakwenda kuoga, kumbe anakwenda kulia."

Nikatazama chini. Mguu wake wa kushoto una bandeji. Akauvuta taratibu ndani ya kanga.

Ya mguu sikuyagusa. Nikamwambia, "Mwambie huyo mwenzio hana wazimu. Ni ugonjwa, unatibika, na kwenye chumba kile pale kuna nesi wa kumsikiliza."

Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Haya twende, mwanangu. Nikamsemee."

Na wewe unayesoma hapa, mwenzio analala?