Siku Tulipohesabiwa kwa Kahawa ya Kutafuna

Mara ya kwanza nilipohesabiwa hapa Bugene nilikuwa peke yangu kwenye kibanda cha watu, mali yangu panga. Shule niliikimbia darasa la pili. Kwa hiyo safari hii karani wa sensa alipoingia uani kwangu, na kizibao chake na kishikwambi mkononi, moyo ulinidunda kama naoa. Nilitaka waandikwe watu wangu wote, mpaka anayenyonya.

Alikuwa binti mpole. Akaniamkia, nikaitikia, akauliza kazi yangu. Nikamwambia ndizi, kahawa, vyumba vya kupangisha na mashine ya kusaga. Akasema nichague moja, ile kuu. Nikamwambia zote kuu. Zamani ukisimama hapa unaona migomba tu. Leo kuna fundi wa kuchomelea, kuna saluni, bodaboda za kwenda mjini Kayanga hazipumui, na wapangaji wangu ni walimu na manesi. Nani kawaleta? Sisi tuliokata viwanja. Binti akacheka, akaandika anavyojua yeye.

Ndipo akamgeukia mke wangu, akamuuliza waliolala hapa usiku ule wa sensa ni wangapi.

"Tupo," mke wangu akasema.

"Wangapi, bibi?"

"Tupo tu, mjukuu wangu. Hawa si mikungu ya ndizi."

Nikaona kaya yangu inapotea hivi hivi. Kwetu mama hanyooshei watoto kidole akawahesabu, anaogopa watapungua. Ningewataja mimi, lakini wajukuu wanalala chumbani kwa bibi yao, wanaingia na kutoka, mimi nawajua kwa kelele. Na mtu wangu wa shambani, aliyetoka Burundi, alipoona kile kizibao alishajificha migombani na mkewe na mtoto wao, akidhani wamefuatwa wao.

Nikamwambia mke wangu alete kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni, ampe kila aliyelala hapa. Kugawa si kuhesabu. Hilo hakulikataa, maana kukaribisha watu ndiyo fahari yake. Nikapaza sauti mpaka migombani kwamba aliyelala kwangu ni wangu, aje achukue kahawa.

Wakaja. Kila aliyepokea punje alimgeukia karani akasema jina lake na umri wake. Mrundi wangu akaja wa mwisho, mtoto yuko mgongoni kwa mama yake, na punje ya mtoto akaitafuna baba, akamtajia na jina. Uani pakajaa watu. Nilitamani wenye kile kibanda nilichohesabiwa peke yangu wangekuwa hai waone.

Binti akafunga kishikwambi chake, akaaga. Mke wangu alikuwa bado amesimama na kikapu cha kahawa.

"Unakwenda wapi?" akamwambia. "Mimi nililala wapi?"

Watu wote uani wakaangua kicheko, na karani akaketi tena. Nikachota punje kwenye kikapu cha mke wangu, nikampa mwenyewe.